Nukta Tatu Nyekundu za Bibi

Kila Jumamosi, kabla jua halijashika moto, mimi na Bibi tuligawana kazi. Yeye alifagia ua na kuwapa kuku pumba, mimi nilimwagilia matuta. Tulikuwa na matuta manane nyuma ya nyumba yetu hapa Bagamoyo: manne ya mchicha, mawili ya bamia, moja la nyanya chungu, na la mwisho Bibi aliliita tuta la wageni, kwa sababu mboga zake haziuzwi. Jirani akipita na kikapu kitupu, anachumiwa humo.

Bibi yangu anaitwa Bi Chausiku. Mimi ni Shufaa. Wakati huo nilikuwa darasa la sita na, nisiwafiche, nilikuwa na maringo. Maringo yangu hayakuwa ya nguo wala ya nywele. Yalikuwa ya bei.

Nje kidogo ya mji, kwenye barabara ya kwenda Makurunge, kuna ghala kubwa la vifaa vya bustani na shamba. Ni banda refu la bati, ndani rafu zimepanda mpaka karibu na dari, na wateja wanasukuma matoroli katikati. Watu wengi wakiingia huishia mbele, kwenye pampu zinazong'aa na ndoo za rangi rangi. Mimi mbele nikafanye nini? Nilikwenda moja kwa moja kona ya nyuma, karibu na mizani, ambako huwekwa vitu vilivyoshushwa bei.

Niliijua kona ile kuliko ninavyolijua jedwali la kuzidisha. Lori la mzigo huja Alhamisi, Ijumaa wanapanga, kwa hiyo Jumamosi asubuhi ndiyo siku yenyewe. Mfuko wa mbolea uliochanika hupimwa upya na kuuzwa kwa kilo, na mbolea haijui kama mfuko wake ulichanika. Keni ya kumwagilia iliyobonyea inamwaga maji sawasawa na isiyobonyea. Neti ya kivuli, ngojea kipande cha mwisho cha robota. Mbegu zilizokaribia tarehe, nunua pakiti moja tu, funga mbegu kumi kwenye kitambaa kibichi, halafu subiri. Zikiota saba, rudi mbio ukachukue nyingine kabla wenzako hawajaamka.

"Huyu mke mwenzangu," Bibi aliwaambia watu akicheka, "ukimtuma sokoni na shilingi, anakuletea soko zima!" Bibi huniita mke mwenzake, ndiyo utani wetu tangu nikiwa mdogo. Kila aliposema hivyo mbele za watu, nilijiona nimekua kwa inchi mbili.

Kuna jambo la vyombo lazima niwaeleze, maana bila hilo hamtanielewa. Mtaani kwetu kukiwa na arusi, maulidi au msiba, vyombo vyote vya mtaa ni vya mwenye shughuli. Wanawake huingia ua wa jirani wakabeba sufuria, masinia, ndoo na madumu. Mwenyewe akiwepo watapiga hodi, asipokuwepo watabeba hivyo hivyo, na hakuna anayenuna. Ili vyombo virudi, kila nyumba ina alama yake. Wengine huandika herufi, wengine hupiga msumari. Alama ya Bibi ilikuwa nukta tatu nyekundu za rangi ya kucha, chini ya kishikio. Kucha zake mwenyewe hazijui ila hina. Chupa ile ya rangi ilikuwa ya vyombo tu.

Nukta zile zilikuwa na heshima yake. Bibi anasugua chombo mpaka kinaomba msamaha, na mtaa mzima unajua. Kwenye shughuli ungesikia, "Kile cha nukta tatu kiacheni, hicho cha maji ya kunywa."

Basi, mwaka jana kiangazi kilikuwa kikali. Bomba likawa linatoa maji mara mbili kwa wiki, na matuta yetu yakaanza kusinyaa. Bibi alifungua fundo la kanga yake akanipa pesa ya dumu la kuhifadhia maji.

"Nunua jipya, lenye mfuniko," alisema. "Ukipata kwa nafuu, alhamdulillah. Usipopata, nunua hivyo hivyo. Maji si kitu cha kuchezea, mwanangu."

Nilikwenda na rafiki yangu Arafa. Madumu mapya yalikuwepo, lakini bei yake ingemaliza pesa yote, na kwenye kona ya nyuma siku hiyo nilikuwa nimeona kipande cha neti ya kivuli, kizuri ajabu, na pakiti za mbegu za biringanya. Nikawa nazunguka zunguka nikiumia roho. Ndipo nikaona, nje ya mlango wa nyuma, rundo la madumu ya buluu. Khamis, kijana anayefanya kazi pale ghalani, alikuwa anayatoboa kwa nondo moja baada ya jingine.

"Shikamoo, kaka Khamis. Mbona unayaharibu?"

"Marahaba. Yalikuwa na sumu ya wadudu haya. Yakiisha tunayatoboa yasije yakatumika tena."

Moja lilikuwa bado halijatobolewa. Lilikuwa zima, mdomo mpana, mfuniko wake mzuri, vishikio viwili imara. Nikamwomba aniuzie. Akakataa. Nikasema nalitaka la kumwagilia mchicha tu. Akakataa tena, ila safari hii alitazama kushoto na kulia kwanza. Mwisho akasema, "Elfu mbili. La bustani tu, unasikia? Na usiseme limetoka kwangu."

Arafa alinivuta mkono. "Shufaa, lina fuvu."

Kweli, ubavuni palibandikwa karatasi yenye picha ya fuvu na mifupa miwili, na chini yake jina la sumu, refu, lenye herufi ngumu ngumu.

"Fuvu linatoka," nilimjibu. "Kila kitu kinatoka ukisugua."

Niliporudi sikuingia nyumbani moja kwa moja. Nilipita nyuma ya ukuta nikachota mchanga mbichi na kipande cha kifuu, nikasugua ile karatasi mpaka mikono ikauma. Fuvu likaanza kutoka. Jina la sumu ndilo lililokuwa gumu. Nilisugua herufi moja moja, na kila herufi niliisoma huku nikiisugua, bila kukusudia. Kisha nikalisafisha dumu kwa sabuni, kwa majivu, kisha sabuni tena.

Bibi alilizunguka akilitazama. "Zuri. Lilikuwa na nini?"

"Mafuta ya kula, Bibi."

Neno lilitoka jepesi, wallahi, hata mimi lilinishangaza. Bibi aliinama akanusa, akasikia sabuni. Nikamwonyesha neti, nikamwonyesha mbegu. "Mashaallah! Mke mwenzangu huyu!" Akaenda ndani akaleta chupa ya rangi ya kucha, akatia nukta tatu chini ya kishikio. Aliziweka juu kidogo tu ya pale lilipokuwa fuvu. Nilitaka kusema. Kisha nikaitazama neti yangu mpya, nikanyamaza.

Asubuhi yake nilijaza dumu maji. Yakanimwagikia ubavuni mwa dumu, na fuvu likarudi.

Sisemi uongo. Plastiki ilipolowana, pale palipokuwa na karatasi pakawa peusi kuliko pengine, na lile fuvu likaonekana lote, matundu ya macho na meno yake. Nilifuta kwa kanga. Lilipokauka likapotea. Nikamwaga maji kidogo ili nihakikishe, likarudi tena, linanitazama. Nikatupa keni nikakimbilia ndani.

Tangu siku ile sikuwa na raha. Njia yangu ya kwenda shule inapita kwenye magofu ya Mji Mkongwe, kuta za mawe ya matumbawe zenye matundu matundu. Maisha yangu yote nimezipita sikuona kitu. Sasa kila penye matundu mawili niliona macho. Nikikuna nazi, nikigeuza kifuu, macho hayo. Povu la uji likipasuka bakulini, macho hayo. Mchana jua likiwaka, dumu lilitoa harufu kali ya kupanda puani, na jioni harufu haipo, ukadhani umeiota. Na lile jina! Jina lile la sumu lilinishika likakataa kuniachia. Niko chuoni nasoma aya, katikati linaingia, herufi zake zote kwa mpangilio. Nikawa naogopa hata kufumba macho.

Siku ya sita nilimkuta jogoo wetu mdogo amelala kando ya dumu, miguu juu, pale maji yanapodondoka. Bibi alisema ni kideri, ule ugonjwa wa kuku, kimeingia mjini. Nikasema ndiyo, Bibi, ni kideri. Nilijiambia hivyo mara ishirini siku ile, na hata mara moja sikuamini.

Nililigeuza dumu, upande wa fuvu ukutani. Bibi akaligeuza tena. "Alama ionekane," alisema. "Ndiyo kazi yake." Usiku tulipokula mchicha wetu, nilimtazama akitafuna, na tonge langu nikalirudisha kwenye sinia.

"Mke mwenzangu, umepungua," Bibi aliniambia. "Kuna aliyekusema? Mwalimu?"

Huo ndio ulikuwa mlango, na aliufungua yeye mwenyewe. Ningepita tu. Badala yake nikasema, "Hakuna kitu, Bibi. Ni jua tu."

Wiki mbili zikapita hivyo. Jumamosi ya tatu niliondoka alfajiri kwenda ghalani na Arafa, kwa sababu nikiwa kwenye kona yangu ya bei nilikuwa napata kusahau. Nilipotoka mtaa ulikuwa kimya. Niliporudi saa nne, kulikuwa na turubai mbele ya nyumba ya Mzee Mtoro, fundi cherehani, na wanaume wamekaa kwenye mikeka. Mzee Mtoro alikuwa ameamka vizuri, akasali, akarudi kulala, hakuamka tena. Ndiye aliyenishonea sare yangu ya shule. Machozi yalinilenga.

Nikaingia nyumbani kuweka mfuko. Hakukuwa na mtu. Nikatoka nyuma kutazama matuta, na pale lilipokuwa dumu palikuwa na duara tu mchangani.

Mtume! Nikakimbia, viatu mkononi, mpaka ua wa Mzee Mtoro. Wanawake walijaa. Sufuria mbili kubwa zilikuwa mekoni. Vyombo vya mtaa vilipangwa ukutani, na katikati, juu ya kigoda, mahali pa heshima, limekaa dumu la buluu la nukta tatu, kikombe kinaelea juu. Aliyesimamia mapishi ni Zuhura, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mama yake Mikdad.

Nilijua la kufanya. Sikulifanya. Niliwatazama wale wanawake, wote wananijua, wote wamesikia sifa zangu, nikasema moyoni, kuna njia nyingine. Nikatembea kama ninapita, nikajikwaa kwa makusudi, nikalisukuma dumu kwa bega langu lote. Likaanguka. Maji yakatapakaa ua mzima, yakafika mekoni, moto ukafuka mvuke.

"Wee mtoto! Una macho kweli wewe?"

"Maji ya leo haya! Na bomba limeshafunga!"

"Nisameheni," nilisema. "Nimejikwaa."

Walinisema sana, na mimi, jamani, nilifurahi. Niliona yamekwisha. Kuitwa mzembe ni bei ndogo, nikajiambia.

Zuhura akashusha pumzi. "Mwacheni, yaliyomwagika yamemwagika. Bahati wali tumeshautia maji. Sufuria zote mbili, yote tumechota humo humo, kwa Bi Chausiku." Nikageuka. Wali ulikuwa unatokota. Na kando ya ukuta, Mikdad, mtoto wa miaka minne, alikuwa anafuta mdomo kwa mkono, kikombe kitupu mkononi mwake.

Sikumbuki nilivyovuta pumzi. Nakumbuka sauti yangu tu, maana ilipasuka.

"Msile! Msile, wali una sumu!"

Mama mmoja akasema, "Mtoto amechanganyikiwa na msiba, mpeni maji." Nikapiga kelele zaidi. "Si maji! Dumu lilikuwa la sumu ya wadudu! Nimelinunua mimi, na sikujikwaa, nimelisukuma, na Mikdad amekunywa!"

"Mwiteni Bi Chausiku," mtu alisema.

Bibi alikuwa ndani na mjane, wanasoma Yasini. Akatoka na juzuu mkononi. Alinitazama mimi, akalitazama dumu.

"Shufaa. Si uliniambia lilikuwa la mafuta ya kula?"

"Nilikudanganya, Bibi."

Aliinama, magoti yakalia, akalibingirisha dumu juani. Lilikuwa limelowa lote. Na pale, chini ya nukta zake tatu nyekundu, fuvu lilikuwa linawatazama watu wote. Safari hii sikuliona peke yangu.

"Lahaula," mtu alinong'ona. Zuhura akapiga ukelele akamnyanyua mwanawe. Huyu akasema mpeni maziwa, yule akasema mtieni kidole atapike.

"Msimtapishe, na msimpe kitu!" Bibi alisema kwa sauti ambayo sijapata kuisikia. "Hospitali, sasa hivi. Na wewe, Shufaa, unakwenda naye." Hakuniita mke mwenzangu.

Bajaji ilitufikisha hospitali upesi, lakini kwangu ilikuwa safari ya mwaka. Mikdad alianza kutoka jasho, mate yanamchuruzika, anashika tumbo. Zuhura alikuwa anamsomea dua sikioni. Hakunitazama hata mara moja.

Muuguzi alimpokea mtoto, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Sumu gani? Dumu lina jina?"

"Jina limesuguliwa," Zuhura alijibu, na hapo ndipo aliponitazama.

Muuguzi akatikisa kichwa. "Ingetusaidia sana kujua. Sumu hizi haziko namna moja."

Nikalitaja. Jina lote, herufi moja moja, kama lilivyokuwa likinisumbua wiki mbili nzima chuoni, njiani na mezani. Muuguzi aliandika kwenye kiganja chake, akaniambia nirudie, nikarudia, akaondoka mbio kumwita daktari.

Tulikaa kwenye benchi mpaka alasiri. Daktari alipotoka alisema mtoto alikunywa kidogo, wamemwahi, na kwa kuwa walijua ni sumu gani hawakupoteza wakati. Atalala pale usiku mmoja watazame. "Na nani aliyesema asitapishwe? Alifanya vyema," aliongeza. "Lakini nisikilizeni nyote. Dumu la sumu halisafishiki. Plastiki inainywa sumu ikaitunza. Usugue kwa mchanga, kwa majivu, kwa sabuni ya dunia nzima, itatoka tena, jua likiipata au maji yakikaa. Halifai kwa kunywa, na kwa mboga halifai."

Jioni Mikdad alifumbua macho akaomba andazi. Zuhura alilia. Mimi pia nililia, ila upande wangu wa benchi, maana sikuwa na haki ya kulia karibu naye.

Kule mtaani, sufuria mbili za wali zilimwagwa kwenye shimo refu na kufukiwa. Wanaume waliporudi kutoka makaburini, kila nyumba ilitoa ilichokuwa nacho: mihogo ya kuchemsha, mikate, chai ya rangi. Kwa bahati hakuna mwingine aliyekunywa. Mzee Mtoro, aliyetushonea sote, alizikwa kwa mihogo na chai, na mtaa mzima ulijua kwa nini.

Kesho yake Bibi aling'oa matuta yote manane, mpaka la wageni. Mimi nilibeba mboga kuzipeleka shimoni, na hakuna aliyenisaidia. Jumatatu tulikwenda ghalani, yeye na mimi, tukamweleza mwenye ghala, Mzee Abdulrazak. Khamis aliinamisha kichwa, na mimi niliinamisha changu. Dumu letu likatobolewa mbele yetu, matundu sita. Mzee Abdulrazak aliomba radhi, akaagiza kuanzia siku ile kila dumu la sumu litobolewe mbele ya macho yake mwenyewe.

Fuvu halikuniacha mara moja. Liliendelea kuja, ila lilikuja kwa nadra. Kilichoniuma zaidi ni kitu kingine: Bibi aliniita Shufaa. Shufaa lete hiki, Shufaa weka kile. Jina langu halisi, na lilinichoma kila siku.

Arobaini ya Mzee Mtoro ilipofika, Bibi aliamka mapema akapanga vyombo vyake uani: sufuria, masinia, na ndoo mbili zenye maji. Akakaa kibarazani kusubiri. Wanawake wakapita. Wakaingia nyumba ya kushoto, wakatoka na vyombo. Wakaingia ya kulia, wakatoka na vyombo. Lango letu walilipita wakisalimia kwa adabu, "Shikamoo, Bi Chausiku," na wakaenda zao. Bibi aliitikia, "Marahaba, wanangu," kila mara, na mikono yake ilikuwa imetulia mapajani. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Heri ningechapwa fimbo mia kuliko kuiona ile mikono.

Kisha ikaja hodi. Alikuwa Zuhura, amemshika Mikdad mkono.

"Karibu, mwanangu," Bibi alisema.

Zuhura alipita mpaka uani, akasimama mbele ya ndoo. "Shufaa, njoo." Nikatoka. "Ndoo hii ilikuwa na nini?"

"Haikuwa na kitu, Mama Mikdad. Ni mpya. Imebonyea hapa chini, ndiyo maana ikashushwa bei, nikainunua juzi kwenye kona. Haijatiwa kitu isipokuwa maji. Na ile nyingine ni ya zamani, ya Bibi, ilikuwa ya unga."

"Hakika?"

Nilichota kikombe, nikanywa chote mbele yake mpaka tone la mwisho. Mikdad aliniangalia kwa makini sana, kisha akasema, "Na mimi!" Zuhura alisita. Kisha akachota, akamnywesha mwanawe kwa mkono wake mwenyewe. Akabeba ndoo zote mbili akatoka nazo barabarani, na alizibeba alama zikiwa upande wa nje, watu wazione. Haukupita muda, wanawake wengine wawili wakaja kuchukua sufuria.

Ua ulipobaki mtupu, Bibi alinikalisha karibu naye.

"Sikukukataza bei nafuu," alisema. "Na sikukatazi leo. Mwenye kujua kununua ni baraka ndani ya nyumba. Lakini bei haishuki bure, mjukuu wangu. Ina sababu. Mfuko umechanika, hiyo sababu. Ndoo imebonyea, hiyo sababu. Uliza sababu kwanza, ndiyo utoe pesa. Dumu lile sababu yake ilikuwa imebandikwa ubavuni, na wewe ukachukua mchanga ukaisugua." Akatazama barabarani. "Wazee walisema rahisi huvunja upishi. Sisi tumeuona umevunjika, sufuria mbili, kwenye msiba wa mtu. Lakini unajua kilichotaka kuua watu si rahisi. Wangapi wananunua rahisi? Kilichotaka kuua ni lile neno lako, mafuta ya kula. Nikaliamini neno lako, nikatia alama yangu, na watu wakaamini alama yangu. Zile nukta si rangi ya kucha, Shufaa. Ni mimi nawaambia watu, kunyweni."

Nililia nikaegemea bega lake. Aliniacha nilie nikamaliza.

"Haya," alisema akinifuta kwa ncha ya kanga. "Nenda ndani, mke mwenzangu, kalete ile chupa. Kuna keni na beseni bado hazijatiwa alama. Leo unatia wewe."

Kabla ya kutia nilimweleza kila chombo kimetoka wapi na kilikuwa na nini, hata bila kuulizwa. Nukta ya tatu kwenye beseni ilikwenda upande kidogo, nikataka kuifuta niitie upya, na Bibi akasema niiache hivyo hivyo.